Siku 8 Dar, Kilwa, Lindi mpaka Msimbati na gari linalosoma maili

Nimerudi Dar wiki mbili sasa ndo napata muda wa kukaa. Daftari liliingia chai Nangurukuru kwa hiyo kurasa za mwanzo nimezisoma kwa kukisia, zingine nimezifufua kwenye picha za simu, na picha zenyewe karibu zote ni za vibao na nguzo, za bahari zipo tatu tu, mke wangu ananiuliza ulienda kusini kupiga picha mabati?

Mi ni fundi wa vibao, nipo Temeke. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Mikindani alinipigia mwezi wa saba, anataka vibao 9 vya kuelekeza watalii, huku baharini, huku sokoni, huku Boma, huku Msimbati, vina jina na umbali. Akatoa sharti moja: "Fundi, umbali uniandikie kwa maili. Wazungu hawajui kilomita." Nikasema sawa mama, pesa ni yako.

Usafiri ulikuwa wa shemeji yangu, ana Land Rover 110 ya zamani iliyotoka Uingereza. Hiyo 110 kwa wasiojua ni nchi (inchi za kupimia), umbali wa tairi la mbele na la nyuma, sijui wangapi wanaopanda hilo gari wanajua. Saa ya spidi inasoma maili, zile namba ndogo za kilomita za duara la ndani zilishafutika na jua kabla hata hajalinunua. Kwa hiyo naenda kupima umbali kwenye nchi ya kilomita, na gari la maili, kwa ajili ya kibao cha maili. Niliona Mungu kapanga.

Siku ya 1, Ijumaa 8 Agosti: Mbagala mpaka Kilwa Masoko

Tumetoka Rangi Tatu saa 11 alfajiri, ilikuwa Nane Nane kwa hiyo barabara nyeupe mpaka Mkuranga. Dizeli tuliweka ya laki na themanini, ilitufikisha Mtwara na ikabaki kidogo. Mabati nilikata na kupaka rangi ya chini nyumbani kabisa, herufi ningeandika huko huko.

Baada ya Kibiti kuna kijiji, sitakitaja, kina kibao cha 50 pale mwanzo. Shemeji akapunguza vizuri kabisa, mshale ukakaa kwenye 50, mi mwenyewe shahidi. Mbele trafiki huyo na tochi ya kupimia spidi.

"Ulikuwa unakimbia ngapi?"

"Hamsini afande."

Afande akamgeuzia tochi, 77. Shemeji akaapa, akamwita aje aone mshale, afande akachungulia ndani akaona namba zilivyopangwa akaanza kucheka, akamwita na mwenzake aje kucheka. "Mzee, hizo ni maili. Kibao changu ni kilomita." Shemeji akasema kibao hakijaandikwa kilomita, kimeandikwa 50 tu. Na kweli, kaangalie, kibao cha spidi hakina neno, ni namba kwenye duara jekundu, kinategemea wewe ujue uko nchi gani. Hoja nzuri ila haikusaidia, elfu 30, kontroli namba, tukalipa kwa simu palepale.

Kilichonisumbua ni hiyo 77. Maili 50 ni kilomita 80 na nusu hivi. Hizo tatu na ushee zimeenda wapi? Shemeji akasema nyamaza, tusije tukaongezewa.

Daraja la Mkapa pale Rufiji tulisimama ng'ambo tukanyoosha miguu. Mita 970, lilifunguliwa 2003, kabla ya hapo watu walikuwa wanalala foleni ya pantoni na magari yao, waulize waliosafiri kusini enzi hizo watakupa simulizi za mbu. Somanga kuna sehemu tulichepushwa pembeni, mvua na kimbunga Hidaya cha Mei 2024 vilikata barabara vibaya kule na madaraja yalikuwa bado yanashughulikiwa, ila kupoteza kwetu kulikuwa nusu saa tu. Samaki wa kukaanga wa Somanga usiwapite. Tulikula wawili na muhogo kwa elfu 12, tukalamba vidole.

Kama unaenda na gari lako, jaza mafuta Nangurukuru. Pale ndo njia panda, kushoto unaingia Kilwa, moja kwa moja unaenda Lindi. Na kila kijiji ni 50, hata kile unachodhani kimeisha.

Gesti Kilwa Masoko elfu 25, feni inazunguka, neti haina tundu.

Siku ya 2, Jumamosi: Kisiwani

Hatukuwa na kazi Kilwa, ila kupita Kilwa bila kuvuka Kisiwani ni dhambi. Kibali unachukua ofisi inayosimamia magofu hapo hapo Masoko kabla ya kushuka gatini, ukifika gatini bila karatasi unarudishwa. Mtanzania analipa kidogo sana, mgeni zaidi, na boti mnapatana na nahodha, ukienda na kundi ni nafuu.

Sisi tulijiunga na wazee wawili Wamarekani, mume na mke, wastaafu, na kijana anayewatembeza. Nahodha mzee wa makamo, jahazi la tanga, upepo wa kusi mzuri. Nikamuuliza kina, akasema hapa pima nane, pale mbele pima tatu, jiwe. Pima ni mikono yako miwili ukiitandaza, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, ndo ileile mabaharia wa Kizungu wanayo na wao, futi 6. Yule mzee Mmarekani alivyotafsiriwa akatandaza mikono yake, nahodha akatandaza yake, wakalingana karibu sawa, wakacheka mpaka jahazi likayumba. Hakuna aliyehitaji kuzidisha wala kugawanya.

Tulivyoshuka mzee akauliza mpaka Husuni Kubwa ni maili ngapi. Yule kijana akajibu bila kufikiri: "Kwa mguu wako babu, dakika 25. Kwa mguu wangu 15." Mzee akaridhika kabisa, hakuuliza tena. Nikaandika hilo kwenye daftari na nikalipigia mstari.

Sitaelezea magofu yote. Msikiti Mkuu, Gereza, Husuni Kubwa na lile bwawa lake la pembe nane, yapo kwenye urithi wa dunia toka 1981, na Ibn Battuta alipita hapa 1331 akausifia mji. Simama kwenye lile bwawa saa 4 asubuhi ukiangalia bahari chini, utajua kwa nini sultani alilitaka hapo.

Kurudi, nikamwambia mzee wa Kimarekani kazi yangu kupitia yule kijana. Akafurahi kweli, akasema kwao Arizona kuna barabara kuu, ya namba 19, inatoka Tucson inashuka mpaka Nogales mpakani mwa Meksiko, vibao vyake vya umbali ni vya kilomita mpaka leo, iliwekwa enzi walizodhani nchi nzima itahama. Ila spidi, akasema, spidi wameacha maili. Kwa hiyo unasoma umebakiza kilomita 40 huku unakimbia maili 75. Nikamwambia shemeji, unaona, kuna watu wanaishi kama gari lako.

Siku ya 3, Jumapili: Kilwa mpaka Lindi

Barabara ndefu, mikorosho, mbuyu, mikorosho. Ila hii ndo siku niliyopata jibu la 77.

Pembeni ya barabara kuna zile nguzo fupi za zege zinazohesabu kilomita. Nikamwambia shemeji aweke trip (kile kihesabu umbali cha kwenye saa ya spidi) sifuri kwenye nguzo moja, twende nguzo 20 bila kuchepuka. Kilomita 20 ni maili 12 na nukta 4. Trip ikasoma 13 kamili. Tukarudia kipande kingine, 13 tena.

Nikashuka nikaangalia matairi. Ametoa yale ya zamani marefu ya 7.50 ringi 16 kaweka 245/75 ringi 16, ni mafupi zaidi, kwa hiyo yanazunguka mara nyingi zaidi kwenye umbali uleule na saa inahesabu kilichozunguka tu. Saa inatia chumvi. Chukua 50, zidisha 20, gawa kwa 13, unapata 77 bila ubishi. Ile tochi ilikuwa imenyooka kuliko gari. Shemeji kimya kilomita kumi nzima.

Na hebu soma hilo tairi vizuri: 245 ni milimita, 75 ni asilimia, 16 ni nchi. Kwenye mpira mmoja. Alafu unajaza upepo kijana anakuuliza "ngapi", unamwambia 32, wote wawili hamjui hiyo 32 ni ratili juu ya nchi ya mraba na maisha yanaenda.

Lindi tuliingia alasiri. Mji umepoa, bahari imeingia mpaka ndani, ng'ambo unaona Kitunda na minazi yake. Jioni tukakaa baraza moja karibu na ufukwe, kahawa shilingi 100 na kashata, wazee wanacheza bao. Nikawauliza watalii wakija Lindi wanauliza nini. Mmoja akasema wanauliza mjusi. Tendaguru, kama kilomita 60 ndani huko, ndo Wajerumani walikochimba mifupa ya yule mjusi mkubwa kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200, ikabebwa kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi. Yupo Berlin amesimamishwa, urefu kwenda juu mita 13 na kitu. Mzee akasema, "Mtalii anauliza kilomita ngapi mpaka Tendaguru, nami namuuliza wewe utabeba nini kichwani?" Baraza zima likaanguka kicheko, nadhani kashawahi kuusema huo mara mia.

Kwenda Tendaguru kwenyewe unahitaji gari la kupanda, kiangazi, na mwenyeji. Sisi hatukwenda.

Siku ya 4, Jumatatu: Lindi mpaka Mikindani, na boliti

Ngongo tulipita wanang'oa mabanda ya Nane Nane. Mnazi Mmoja kule Mingoyo ukakata kushoto kwenda Mtwara, kulia ni Masasi. Kama nusu saa mbele tukaanza kusikia chini gongo, gongo, gongo. Shemeji akaegesha, propela shafti boliti moja imeanguka na tatu zinacheza.

Kijijini palikuwa na fundi wa pikipiki, kijana mzuri sana, akaja na boksi lake lote. Spana 14 haiingii. Spana 15 inaingia ila inazunguka tu inakula kona za nati. Hapo ndo shemeji akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayekiri kosa: "Hizo nati sio za milimita. Ni za nchi. Tisa juu ya kumi na sita." Ukipiga hesabu ni milimita 14.3, yani imekaa katikati ya spana mbili za milimita za Tanzania nzima. Na spana yake ipo Temeke kwenye droo.

Tulikaa chini ya mkorosho saa mbili na nusu. Watoto wakakusanyika, mama mmoja akatuletea madafu hata hatujamwomba, akakataa hela. Yule kijana wa pikipiki akapotea, nikajua ameenda zake, kumbe alikwenda kumuamsha babu yake. Mzee akaja taratibu na fimbo, kofia ya kufuma, na kitambaa kimefungwa fundo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Nasikia mnatafuta spana ya Mzungu."

Kwenye kitambaa spana tano, nyeusi, zimepakwa mafuta kama za jana. Akasema baba yake alikuwa turniboi wa trekta Nachingwea enzi za mradi wa karanga, ule wa Waingereza wa kuanzia 1947, walitaka kulima ekari milioni tatu na zaidi Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, 1951 wakaufunga karanga hazijaonekana. Matrekta mengi yalikuwa masalia ya vita, ya Kimarekani, nati zote za nchi. Mradi ulipokufa baba akabaki na spana. Reli ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea nayo waliijenga kwa ajili ya karanga hizo hizo, ikang'olewa miaka ya 60, na upana wa reli yenyewe mita moja kamili! Waingereza hao hao. Mzee alikuwa hajui hilo, nilivyomwambia akatikisa kichwa, "Basi hata wao walikuwa hawaelewani."

Ya tatu ilikuwa 9/16. Ikaingia kama kidole kwenye pete. Shemeji alitaka kuibusu.

Ile boliti iliyoanguka tulitafuta kwa miguu nyuma tukaikuta, watoto ndo waliiona, nikawagawia elfu 5 wagawane. Mzee alikataa pesa kabisa. Nikamuuliza basi nikufanyie nini, akaangalia mabati nyuma ya gari, akasema mjukuu wake wa kike anauza chai na maandazi pale barabarani na watu wanapita hawajui. Nikashusha bati moja la akiba nikaandika CHAI MAANDAZI, rangi nyekundu kivuli cheusi, saa nzima nimekaa pale naremba. Mzee akauliza, "Hujaweka mita ngapi." Nikamwambia babu, anayeona kibao ameshafika.

Mwenye Land Rover ya zamani: beba spana za nchi. Nusu nchi unaweza kuhangaika na 13 ikakubali. Hii ya tisa juu ya kumi na sita haikubali kitu.

Mikindani tuliingia magharibi.

Siku ya 5, Jumanne: mama na kibao cha "5 M"

Mama mwenye nyumba yupo hodari, ana miaka sitini na kitu, anaamka kabla ya muadhini. Chai na vitumbua, alafu kikao.

Nikamuuliza kwa upole, mama, kwa nini maili? Akanionyesha kibao cha zamani. Kiliandikwa BEACH 500 M na kijana wa jirani, rangi ya bei rahisi, jua likala sifuri mbili zikabaki kama kivuli. Sasa inasomeka BEACH 5 M. Mwaka jana akaja mgeni Mwingereza, akaona 5 M, na kwao kwenye vibao vya barabarani hiyo m ni maili, sio mita. Akasema maili 5 na jua hili hapana, akasimamisha bajaji, akamwambia baharini. Dereva, na bahari inaonekana pale ukichungulia kati ya nyumba mbili, akamtazama mgeni, akatazama kibao, akasema karibu bosi. Akampeleka kupitia nyuma ya mji, akazunguka mpaka njia ya Mtwara, akarudi kwa chini, elfu 15. Jioni mgeni akarudi kwa miguu kando ya maji akajikuta kwenye ngazi ya mama baada ya dakika saba.

"Nilifedheheka mwanangu. Ndo nikasema vibao viwe vya maili."

Lakini mama, shida haikuwa kilomita. Shida ni herufi moja na rangi mbovu. Tukaomba kitabu cha wageni tukahesabu kurasa za mwaka mzima: Wajerumani, Waholanzi, Waitaliano, Wasauzi, Wakenya, na Watanzania wa semina kibao kuliko wote. Wamarekani walikuwa 6, Waingereza 11. Mama akavaa miwani akahesabu upya mwenyewe, akapata Waingereza 12, mmoja aliandika kwa mwandiko wa daktari. Nikamuonyesha na mahesabu: maili ni kilomita 1.6, sasa baharini mita 500 utaandika nini, sehemu ya tatu ya maili? Nani ataisoma hiyo, na ukiandika yadi 550 hata Mmarekani atasimama kufikiri.

Shemeji akasema weka vyote viwili kama kile kibao cha Uhuru kule juu Kilimanjaro, mita 5895, futi 19341. Ni kweli kipo hivyo na kinapendeza, ila pale mtu ameshafika, amekaa, anapiga picha, ana muda wa kusoma namba mbili. Kibao cha njiani anakisoma mtu anatembea, ana jua usoni na begi mgongoni. Bati langu lina upana wa sentimita 60. Namba mbili maana yake herufi nusu.

Tulibishana mpaka chakula cha mchana, pweza wa nazi na wali, sijutii. Mwishoni nikamkumbuka yule kijana wa Kisiwani. Nikasema mama, tuandike mita kwa neno zima, isiwe herufi, na chini yake dakika kwa miguu. Dakika hazina Mwingereza wala Mmakonde. Akafikiri. "Dakika za nani, zangu au zako?" Tukatembea wote mpaka baharini, mama mbele. Dakika 7. Mi peke yangu 5. Zikaandikwa 7.

Jioni nilizunguka Mikindani na futi yangu, na hapo cheka kidogo, sisi mafundi hata kile kifaa chenyewe tunakiita futi, "nipe futi nipime mita mbili". Mji huu ulishapimwa kwa kila kitu. Livingstone aliondokea hapa 1866 safari yake ya mwisho, anahesabu maili. Wajerumani wakajenga Boma 1895, mita. Waingereza wakarudi na futi zao na yadi. Sisi tukarudi kwenye mita ila mbao tunanunua mbili kwa nne, kitanda tano kwa sita, shamba ekari, kitenge yadi, na mtu wa Kibaha anaishi Maili Moja bila kujiuliza maili moja kutoka wapi.

Siku ya 6, Jumatano: Msimbati

Kibao cha Msimbati kilibidi kiwe na kilomita, huko huendi kwa mguu. Mtwara mjini tulinunua nguzo, bomba la nchi mbili, kila moja urefu mita 3, na muuzaji aliona kawaida kabisa.

Kutokea mwisho wa mji mpaka Msimbati kijijini trip ilisoma 28, zidisha 20 gawa 13, kilomita 43. Vumbi, mihogo, mikorosho, unapita Madimba kwenye mitambo ya gesi. Tulisimama kwa mama lishe hapo, ugali na changu elfu 4, akaja kijana wa bodaboda akatuhutubia habari za gesi: "Trilioni 57 futi za ujazo bro, chini ya miguu na bahari yetu." Bomba linalotoka hapa kwenda Dar kipenyo chake nchi 36 na urefu mamia ya kilomita. Nikamuuliza futi moja ya ujazo ni ndoo ngapi. Akakuna kichwa. Ni lita 28, ndoo moja na karibu nusu. Akasema, "Kumbe wanatupimia kwa kipimo ambacho hatuna nyumbani." Mama lishe akasema yeye bado anapika kwa mkaa, kipimo chake kopo.

Getini hifadhi ya bahari unalipa kwa kontroli namba, mtandao unasumbua, kwa hiyo usiende saa za mwisho. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi, sisi tulishusha mpaka 20 na hatukukwama. Bamvua lilikuwa halijaisha vizuri, maji yakatoka mbali kabisa, mchanga mweupe hauna mtu zaidi ya kinamama wanaokota na watoto wao. Hapa ndo zile picha tatu za bahari.

Siku ya 7, Alhamisi: kusimika

Vibao 9, mashimo 9, zege. Kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 11 jioni, sina la kuongeza isipokuwa kwamba udongo wa Mikindani una mawe ya matumbawe na sururu ilibaki butu. Mama alisimamia kila kimoja, na kile cha baharini alikibadilisha upande mara mbili. BEACH, mita 500, dakika 7 kwa miguu. Kiswahili juu, Kiingereza chini, "metres" kwa neno zima.

Jioni nimekaa nasafisha brashi, ikaja bajaji ikasimama. Dereva akashuka akasoma kibao mpaka chini, akasonya kidogo. "Fundi, umeniharibia." Ndo yeye! Nikacheka, naye akacheka, akanunua soda mbili. Akasema basi na mimi niandikie nyuma ya bajaji, MSIMBATI na umbali, kwa Kizungu. Nikamuuliza kwa maili au kwa kilomita?

"Ni ngapi kwa maili?"

"27 hivi."

"Na kilomita?"

"43."

Akatazama bajaji, akatazama kibao changu. "Weka 43. Nikisema nauli waione inafanana."

Elfu 5, rangi ya njano. Alinisimamia mpaka 3 ikakauka.

Siku ya 8, Ijumaa: kurudi

Mama alinimalizia hela kwa simu na kilo mbili za korosho. Mtwara kuchele, tukatoka saa 10 usiku, tukaingia Mbagala jioni. Kijiji kile baada ya Ikwiriri kwa huku unakotokea sasa, shemeji alipita mshale uko 30. Afande alikuwepo, akatutambua, akatupungia mkono.